Kadi Sita za Wahusika

Mzee alipomtaja mhusika wa nne, vidole vya Annick viligoma juu ya kibodi.

"Andika!" mzee alifoka. "Mimi nasema, wewe unaandika. Hapana kulala."

Alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda cha Annick, kampa mgongo, macho yake kwenye steji, kituo cha waendesha bodaboda, ng'ambo ya barabara. Tangu asubuhi alikuwa amemkalia Annick kooni namna hiyo. Aliitwa Odur, mstaafu kutoka mtaa wa Nsambya, na kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa mtunza stoo wa reli. Aliingia na laptopu ndani ya mfuko wa plastiki, akatangaza kwamba anaandika riwaya. Binti yake alikuwa amemwekea programu ya kuandikia vitabu, lakini yeye, alisema, hajui hata pa kubonyeza. Annick alikuwa mpiga chapa, basi apige.

Annick alifungua mradi mpya. Kushoto mwa kioo zikajipanga folda: Wahusika, Mahali, Sura. Akauliza kama waanze na sura ya kwanza.

"Nani amekwambia sura? Kwanza watu. Kila mtu na kadi yake: anafanana namna gani, anatembea namna gani, analala wapi. Kadi zikiisha ndiyo hadithi inaanza. Nyinyi Wakongo mnapenda kukimbia tu."

Mteja mwingine angetupiwa laptopu yake barabarani. Huyu Annick alimvumilia, kwa sababu riwaya yake ilikuwa imemtia kiwewe.

Ilihusu bodaboda sita wa steji moja. Mmoja wao amemgonga kijana na kukimbia. Polisi wamewahoji wote, na kila mmoja ameruka kimanga. Mtaa mzima wa Kalerwe, soko na yote, ulikijua kisa hicho. Kilitokea hapo hapo nje, wiki tatu zilizopita. Mzee alikuwa amebadili majina tu. Watu wenyewe aliwachota steji walivyo, na wote sita walikuwa Wakongo waliokuja kuchaji simu kwa Annick na kumwita yaya, dada yao mkubwa.

"Na mwenye kugonga ni nani, mzee?" Annick alikuwa amemuuliza, akijifanya anapangusa kioo.

"Bado sijajua. Kadi zikiisha, nitajua."

Annick alijua. Kakule, mmoja wa wale sita, alikuwa amemwambia yeye peke yake, jioni ile ile, huku analia. Alikuwa anakwenda mbio, kijana akachomoza kati ya magari. Angesimama, lakini watu walishaanza kuokota mawe, na Kalerwe mawe hufika kabla ya askari. Sasa kila asubuhi Kakule alikwenda steji kama kawaida, asije akashukiwa. Desemba alikuwa apeleke mahari kwa mjomba wa Annick, na hilo nalo walikuwa hawajamwambia mtu. Kitabu hiki kikitoka na umbo na mwendo wa Kakule ndani yake, soko zima lingemnyooshea kidole.

Kadi ya kwanza ilikwenda bila taabu. Wa pili alikuwa Bénit, kaka yake Annick wa tumbo moja, pamoja na masikio yake makubwa. Annick alimwandika neno kwa neno, nusura acheke. Wa tatu vilevile.

"Wa nne," mzee alirudia bila kugeuka. "Mfupi. Anachechemea mguu ya kushoto. Analala Kawempe, nyuma ya mashine ya kusaga."

Ni Kakule huyo, mzima mzima. Annick aliutazama ule mgongo mpana akauchukia kwa moyo wake wote. Mtu ameshiba pensheni yake, sasa anakuja kuchezea roho za watu! Akaandika: *Mrefu. Anatembea vizuri. Analala Ndeeba.* Mzee asiyejua hata pa kubonyeza angegundua nini?

"Imeisha?"

"Imeisha, mzee. Nimeandika vile ulisema."

Wa tano na wa sita aliwaandika kama walivyotajwa, haraka haraka, moyo umetulia.

Ndipo mzee alipogeuka. Alivuta stuli, akaketi pale pale mlangoni, akavaa miwani, akaigeuza laptopu upande wake. Alifungua kadi moja baada ya nyingine, wala hakukosea kitufe hata kimoja. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne alikaa sana. Akasoma ya tano na ya sita, kisha akairudia ya nne.

"Pale nilichanganya, mzee," Annick alisema. "Lete nitengeneze."

"Wacha. Watu tano, hujagusa hata kitu kidogo. Hata ndugu yako ulimwacha na masikio yake." Hakuwa anafoka tena, na hilo lilimtisha Annick kuliko makelele yote ya asubuhi. Mzee alitoa simu, akamwambia aliyepokea, "Ni wa nne," akakata.

Ng'ambo ya barabara, wanaume wawili waliokuwa wakitafuna mahindi ya kuchoma walitupa magunzi, wakaanza kutembea kuelekea steji. Annick aliinuka. Mlango ulikuwa umejaa mzee.

"Kaa chini," mzee alisema, akimsukumia laptopu. "Kadi zimeisha. Sasa fungua sura ya kwanza, uandike vile nasema: 'Ile siku, mtoto wangu Ojara alitoka nyumbani bila kunywa chai.'"