Mikoko Inaziba

Mgeni aliigeuza picha juu chini, akaisogeza mbali na macho, kisha akauliza kama hao ndege wanapiga kelele usiku.

"Si ndege, mzee. Ni popo wa kisiwa cha Chole," alisema Kidawa.

"Wana kelele?"

"Kidogo. Magharibi wanatoka kwenda kula, alfajiri wanarudi."

"Wangetoka moja kwa moja ingekuwa bora," alisema mgeni, akaiweka picha pembeni.

Mwalimu wa Kidawa chuoni alikuwa amempa maneno machache tu: kwenye hoteli ya Utende atafikia mtaalamu kutoka Dar, mpelekee picha zako za viumbe na mandhari, akizikubali umemaliza masomo, akizikataa mimi sina la kukusaidia. Na shangazi yake Amina, aliyemlea, naye alishasema lake: ukifeli safari hii, hiyo kamera ifungie sandukuni, uje tufunge mwani. Kidawa alikuwa amefunga miche ya mwani kwenye kamba tangu utotoni. Vidole vyake viliijua kazi hiyo, na moyo wake haukuitaka hata kidogo.

Kumpata mtaalamu hakukuwa kazi. Barazani alikuwa amekaa mgeni huyu, mzee mwenye miwani na shati la kitani, mguu juu ya mguu, anaitazama ghuba kama mtu anayeitafutia kasoro. Kidawa alimpa shikamoo, akasema ameleta picha.

"Marahaba. Afadhali umekuja," mzee alijibu. "Nimezisubiri hizo picha mpaka nimechoka."

Sasa hapo mtu aulize nini tena?

Picha ya pili ilikuwa ya mikoko. Kidawa alikuwa amelala kifudifudi kwenye tope kwa ajili ya picha ile, mpaka kaa wakamzoea.

"Mikoko inaziba," alisema mgeni.

"Inaziba nini, mzee?"

"Bahari. Mtu akikaa hapa ataona nini? Majani."

Ilimuuma, lakini alikubali. Walimu wa chuoni walizoea kusema mara mwanga, mara pembe, mara rangi. Huyu alimchukua mtazamaji akamkalisha ndani ya picha. Kumbe ndiyo maana ya utaalamu.

Akatoa ya magofu ya Kua, kule kisiwa cha Juani.

"Hapa pana watu tayari," alisema mgeni.

"Mbona sioni mtu, mzee?"

"Na hayo makaburi? Hao ndio hawahamishiki kabisa."

Kwenye meza ya pili mama mmoja wa makamo, kamera kifuani, chai imempoa mbele yake, alikohoa. "Samahani, mwanangu," akaanza.

"Subiri kidogo, mama, niko kwenye mtihani," alisema Kidawa bila kugeuka. Watalii wa Utende ndivyo walivyo, wakiona mwenyeji tu wanataka kuuliza njia.

Mama akarudi kwenye chai yake. Kidawa akazikusanya picha zake, akasema, "Niambie, mzee, wewe hasa unatafuta nini?"

Mgeni alivua miwani. "Nafasi, binti. Mchanga mweupe, maji pande zote. Mti usiwepo, jirani asiwepo. Mtu avute pumzi."

Kesho yake, maji yalipokupwa, Kidawa alimwomba binamu yake Ukasha amvushe mpaka kwenye fungu la mchanga katikati ya ghuba. Ukasha alimwangalia anavyopiga magoti, anavyolala chali, anavyorudi kinyumenyume.

"Wapiga picha nini? Hapa hamna kitu."

"Hiyo hamna kitu ndiyo inayotakiwa."

"Basi fanya haraka," Ukasha akasema, "miguu yangu ishaanza kulowa."

Kidawa akapanda bodaboda hadi mjini Kilindoni kuichapisha, picha moja tu, kubwa. Jioni hiyo hiyo alikuwa barazani Utende. Mgeni aliishika kwa mikono miwili akaisogeza karibu na macho.

"Hapa," mgeni alisema hatimaye. "Hapa hapa. Hii ni ya nani?"

"Yangu mwenyewe, mzee."

"Hatatokea mwingine akadai ni yake?"

Swali hilo lilimchoma kidogo. Lakini chuoni kuna mwenzake aliwahi kunaswa na picha za kuiba mtandaoni, kwa hiyo alilielewa. "Hatatokea. Kule tulikuwa mimi na binamu yangu tu."

"Na nyumbani wanajua?"

"Wanajua. Shangazi mwenyewe ameisifu."

"Haya. Na wewe unataka nini?"

"Kufaulu tu, mzee."

Mgeni alicheka mpaka mama wa meza ya pili akageuka. "Sote tunataka hivyo, binti. Kesho baada ya alasiri nisubiri hapa chini ufukweni. Nitakuja na watu wangu, tumalize."

Watu wake. Jopo zima. Kidawa hakulala vizuri kwa furaha.

Siku iliyofuata alivaa baibui lake la Idi, akatundika kamera shingoni. Shangazi Amina alimfuata nyuma na mkate wa kumimina, maana majaji hawaachwi na njaa, na njia nzima hakutaja mwani hata mara moja. Maji yalikuwa yamejaa, yamelifunika fungu la mchanga, yamebakiza hatua chache kufika ngazi za hoteli.

Kirikuu, kile kigari cha mizigo, ilikuja ikasimama mchangani. Mgeni alishuka mbele, picha mkononi. Nyuma wakaruka wanaume wenye vifua vipana, na Kidawa akawaza kwamba majaji wa Dar wanakula vizuri. Mmoja alishika koleo.

Mgeni aliitazama picha, akaitazama bahari, akaitazama picha tena.

"Binti," alisema, "hebu tuoneshe mipaka ya hiki kiwanja unachoniuzia, mafundi waanze msingi."

Yule mama wa meza ya pili alikuwa amesimama nyuma yao na begi lake la safari. Alimgusa Kidawa begani. "Wewe ndiye Kidawa, mwanafunzi niliyeambiwa nimkague? Basi piga picha hiyo, mwanangu, kabla hawajashusha saruji."