Msumari Kwenye Ndimu

Fundi wa vito pale Kitengela alikwangua jiwe la kijani, akaukamulia unga wake ndimu, kisha akatumbukiza msumari. Nailantei alingoja akitabasamu.

Fundi alipoutoa, ncha ya msumari ilikuwa imevaa wekundu unaong'aa.

"Ni shaba, yeyo," alisema, akimwita mama kwa Kimaasai. "Rangi yote hii ni shaba. Jiwe kama hili halipatikani ovyo." Akacheka. "Lakini usiliweke karibu na maji ya kondoo. Kondoo hawawezani na shaba. Macho yanageuka manjano, wanakojoa damu, wanakufa."

Tabasamu la Nailantei likamkauka usoni.

Mawe ya namna hiyo aliyaokota kilimani kwa mikono yake, akayapanga ndani ya birika la kunyweshea kondoo kwa sababu yalipendeza. Kondoo kumi na wanne walikojoa damu. Naye ndiye aliyesimama mbele ya wazee, akamnyooshea kidole mke wa mwanawe: "Huyu ana jicho baya. Arudi kwao." Msichana aliondoka na mtoto mgongoni.

"Uko na mengine?" fundi aliuliza.

Nailantei alikuwa ameshatoa simu, akitafuta namba aliyoifuta mwenyewe.