Mkono wa Diwani Sikitu

Akina mama wafinyanzi ndio waliomchagua Sikitu kuwa diwani, na asubuhi ile walijaa ukumbini kusikiliza. Halmashauri ilikuwa inaamua kama bonde lao la udongo likabidhiwe kwa chama cha wenye viwanda. Viongozi wa chama hicho walikuwa wamemwahidi Sikitu zahanati katani kwake. Alikubali kuwaunga mkono, maana mwanawe alifia njiani akikimbizwa hospitali ya mbali.

"Wanaoafiki wanyooshe mikono," alisema mwenyekiti.

Sikitu alinyoosha wake.

"Mwanangu," mama yake aliuliza taratibu kutoka benchi la wafinyanzi, "sasa sisi tutafinyanga nini?"

Mwenyekiti alisema mikono ishushwe. Wa Sikitu ulibaki juu.