Bangili ya Diwani Sikudhani

Sikudhani aliingia uani kwake mbio, viatu mkononi, akipiga vigelegele.

"Baba Hidaya! Tumepata! Fremu ya duka kwenye soko jipya ni yako!"

Kibwana, mumewe, fundi cherehani, aliiacha chapati jikoni, wakakumbatiana na kuzunguka kama watoto. Miaka mitatu mfululizo ombi lake lilikuwa likigonga mwamba. Siku hizi kila diwani huvalishwa bangili siku anayoapishwa. Likisomwa jambo la mtu aliye moyoni mwake, bangili huwaka nyekundu, naye hutolewa nje ya kikao. Kila mara Sikudhani alitolewa, na ombi la mumewe likakosa mtetezi.

"Leo nimebaki kitini!" alisema akihema. "Mwenyekiti kasoma jina lako, baraza zima likanigeukia. Bangili imetulia tuli! Nikasimama, nikakutetea mpaka wakapiga meza."

"Haikuwaka?"

"Hata kidogo! Unakumbuka mwaka ule wa kwanza? Iliwaka mpaka mwenyekiti akafumba macho!"

"Nakumbuka," alisema Kibwana. Harufu ya chapati inayoungua ilikuwa imejaa uani. Akarudi jikoni, akaiepua taratibu, akampa mgongo. "Hongera, mheshimiwa."

Alikuwa hajawahi kumwita hivyo.

Sikudhani alicheka, kisha kicheko kikamwisha. Akaisogeza bangili karibu na midomo, akalitaja jina la mumewe kwa sauti ya chini, akasubiri. Akalitaja tena.