Zamu ya Swafwani

"Zamu ya Swafwani," sauti ikasema kwenye simu ya pamoja, kisha wanaume saba wakasubiri, kila mmoja nyumbani kwake, kutoka Sugar Land hadi Carrollton, huku Texas.

Walikuwa wakichagua wachezaji wa besiboli wa kuwaingiza kwenye timu zao za karatasi, mchezo wa kushindania pointi kwa matokeo ya wachezaji wa kweli. Mwanangu Swafwani alifariki Februari. Mkewe yumo edani, hasemi na wanaume wa nje, basi simu nikaishika mimi.

"Mama," rafiki mmoja wa mwanangu akasema kwa upole, "tukimpa mtu mwingine timu yake, utakasirika?"

"Ngoja kwanza, baba."

Karatasi yake ilikuwa mapajani mwangu. Aliiandika Januari kwa penseli, herufi ndogo zimeinamia kushoto. Jina la mrushaji mpira mmoja alilikata, pembeni akaandika: "Kiwiko kimepasuliwa. Hatapona kabla ya mwisho wa Aprili. Mwache."

Lakini mgomo wa wachezaji umeuchelewesha msimu. Badala ya mwanzo wa Aprili, utaanza mwishoni mwake. Kiwiko kimepata siku zake za kupona.

Mstari ule aliukandamiza mpaka karatasi ikabonyea. Nikaupitishia kidole, nikijiona kama mtu anayevunja wasia.

"Mama, upo?"

Nikalisoma kwa sauti lile jina lililokatwa.

"Aa, Swafwani, mwizi we!" mmoja akapiga kelele. "Huyo nilikuwa namvizia mimi!"

Kisha akakumbuka. Na mimi nikajikuta nasubiri mwanangu amjibu.