Vifungo vya Gauni

Nyambeki alivua viatu mlangoni pa hekalu la Wabudha kama alivyoambiwa, akaingia na gauni jeupe begani. Alikuwa amelipiga pasi mwenyewe alfajiri, ili amvalishe bintiye kabla hajafungiwa jenezani. Nje, kando ya shamba la chai, mumewe na ndugu zake walikuwa wanashusha jeneza kutoka kwenye pikapu.

"Tumemaliza kila kitu, Mama," mkwe wake alikuwa amemwambia kwa simu. "Njooni mumchukue."

Sasa mkwe huyo, fundi wa mitambo ya kiwanda kutoka Sri Lanka, alisimama mbele ya sanamu ya Budha, macho mekundu. Alimnyooshea kwa mikono miwili chungu cha udongo, kidogo kama cha kupikia uji wa mtoto.

"Ni nini hii?"

"Ni yeye, Mama. Kwetu tunachoma."

Chungu kilikuwa na joto, na Nyambeki hakujua kama ni la moto au la mikono ya mkwe wake.

Aliketi sakafuni, akakiingiza chungu ndani ya gauni, akaanza kufunga vifungo kuanzia chini. Vidole vyake, vyeusi kwa utomvu wa majani chai, viliteleza-teleza kwenye vifungo vile vidogo.

Mumewe aliingia na ndugu zake, mikono ya mashati wameikunja tayari kubeba.

"Yuko wapi? Tushike upande gani?"

Nyambeki hakuinua kichwa. Kilikuwa kimebaki kifungo kimoja, cha shingoni.