Geji Upande wa Abiria

"Zifunge upande wa abiria," Joslyn alisema.

Delbert aliishusha drili. Tangu aanze kufunga geji, zile saa za kupimia joto na presha ya injini, kwenye pikapu za dizeli hapo Wyoming, hajapata kuombwa kichekesho kama hicho. Geji ni za dereva. Abiria atazifanyia nini, azikoroge kwenye kahawa?

"Abiria haendeshi, binti."

"Najua. Zifunge huko huko, kwenye nguzo ya kando ya kioo cha mbele, zimtazame yeye."

"Yeye nani?"

Joslyn akajifanya anasoma kalenda ukutani. Mh! Huyu ana lake jambo, Delbert akawaza.

Kwanza, pikapu si yake. Ni ya babake, Orrin Tate, rafiki wa Delbert tangu ujana, na bonde zima linaijua kwa rangi yake ya kijani na bampa lililokunjwa na fahali. Pili, Orrin mwenyewe alizichukia geji kuliko kodi. Maisha yake yote amevuta trela za ng'ombe kupanda mlima kwa sikio tu. Hata alipokuwa akifundisha madereva wapya, alikaa kando yao kafumba macho, na injini ikianza kuelemewa anamchapa mtu begani: "Legeza mguu! Huisikii inavyolia?" Kila Delbert alipojaribu kumuuzia geji alijibiwa, "Kawauzie wajinga, Del. Injini inasema yenyewe."

Sasa tangu homa ile mbaya ya majira ya baridi, Orrin haonekani. Alitoka hospitali, akapelekwa shambani kwake, basi, kimya. Kila Alhamisi kiti chake mkahawani ki wazi, na Delbert anakula maharage yake ya nyama na andazi la mdalasini peke yake kama mjane. Ukipiga simu anapokea huyu binti, aliyerudi kutoka Denver baada ya miaka bila hata kadi ya Krismasi. "Baba hawezi kuja kwenye simu," anasema, halafu anakata. Na watu wameanza kunong'ona kwamba ng'ombe wa Orrin wanauzwa. Penye moshi hapakosi moto.

Delbert akaamua kumchimba. Akampangia geji mezani.

"Chukua hii. Joto la moshi likizidi, inapiga kengele mpaka wa makaburini wanaamka."

"Kengele haina kazi. Nataka ya mshale. Kubwa, na mstari mwekundu unaoonekana vizuri."

"Haina kazi? Injini ikiungua je?"

"Mjomba Del, nimesema ya mshale."

Haya. Delbert alishapata jibu lake: pikapu ina mnunuzi. Bwana mmoja wa mjini, mpenda kujionyesha, na mkewe ataketi pale kushangaa mishale ikicheza. Orrin wa watu amelazwa huko shambani, hajui hili wala lile, na mali yake inatoka mlangoni kipande kwa kipande. Alitamani kumfukuza huyu msichana kwa spana.

Lakini kazi ni kazi. Akatoboa bomba la moshi kabla ya turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, akiokota vumbi la chuma kwa sumaku lisije likaiua. Akakaza kipima joto, akapitisha nyaya chini ya dashibodi. Alipoinama kwenye kiti cha abiria, mkono wake ukagusa kitu. Kofia ya Orrin.

Orrin haendi hata msalani bila kofia ile.

"Hii inafanya nini humu?"

"Ameacha kuivaa. Anasema yeye sasa ni mzigo, na mzigo hauvai kofia."

"Orrin niliyemjua hawezi kusema hivyo."

"Wewe umemwona lini, mjomba?"

Alaa! Na ulimi anao. Delbert akakaza skrubu ya mwisho, akautia ufunguo mfukoni.

"Huu simpi mtu ila Orrin, mkononi mwake. Twende wote."

Joslyn akanyoosha mkono kuudai. "Alinikataza nisimlete mtu yeyote."

"Ndiyo maana nakuja."

Delbert aliendesha huku ameuma meno, akiomba Mungu amkute rafiki yake angali anapumua.

Alimkuta. Orrin alikuwa ameketi kwenye ngazi za baraza, kichwa wazi, amewapa mgongo, anatazama mlima. Amekonda, lakini ni yeye.

"Orrin!" Delbert aliita dirishani. "Orrin, ni mimi, Del!"

Orrin hakutikisika.

"Umemwambia nini juu yangu?" Delbert alimgeukia Joslyn. "Umemjaza maneno gani mpaka hataki hata kuniangalia?"

Akapiga honi kwa hasira, akaishikilia. Kunguru wakaruka paani, mbwa akatoka mbio chini ya baraza akibweka. Orrin aliendelea kutazama mlima wake.

Joslyn akashuka, akaichukua kofia, akaenda akamgusa babake begani. Ndipo mzee alipogeuka.

Alimwona Delbert, akainamisha uso. Lakini binti alimvuta mkono mpaka kwenye pikapu, akamketisha kiti cha abiria, akamvika kofia. Delbert, aliyekwisha kuelewa kwamba homa ile iliondoka na masikio ya rafiki yake, alihamia nyuma bila kuambiwa. Joslyn akashika usukani, akaikabili barabara ya mlimani kwa gia kubwa mno, akikanyaga mafuta mpaka sakafuni. Orrin alizikodolea macho zile geji, mdomo umefumbwa, hadi mshale ulipoingia kwenye mstari mwekundu.

Akamchapa binti yake begani.

"Legeza mguu!" akafoka. "Huisikii inavyolia?"